Bibi wa kwenye pakiti: nilivyochorewa katuni ya korosho zangu hapa Mtwara

Nianze na nyota ili mwenye haraka asisumbuke: nampa nne kati ya tano. Anayepewa ni kijana mmoja anayechora kwa kompyuta hapa Mtwara mjini, upande wa Chikongola, ndani ya duka la steshenari. Mbele wanatoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Nyuma ya pazia kuna meza, feni, laptopu na kiti kimoja cha mteja, na hapo ndipo kazi inapofanyika. Ameniomba nisiweke jina lake mtandaoni kwa sababu bado anasoma na oda alizonazo zinamtosha, kwa hiyo humu nitamwita fundi. Wanaonifahamu wakimhitaji wataniuliza.

Nilichoagiza ni bibi. Bibi wa kuchorwa, wa kukaa mbele kwenye pakiti za korosho zangu, aanze kwa penseli na amalizike na rangi zote, awe tayari kabla ya maonyesho ya wakulima ya Nanenane ili nisimame naye mezani kule Ngongo, Lindi, nikiwa na sura ya biashara na si stika nyeupe yenye namba ya simu.

Mimi na akina mama wenzangu tunabangua na kukaanga korosho uani kwangu. Tunachambua madaraja vizuri: W240, yaani punje zisizozidi 240 kwa ratili moja, na W320 ambayo ni ndogo kidogo. Mzigo wetu hauna aibu. Lakini ingia duka lolote la mjini uangalie rafu ya korosho. Pakiti zote zina korosho tatu na jani moja la kijani, picha ileile iliyookotwa mtandaoni, na mteja ananyoosha mkono kwa iliyo karibu. Nilitaka uso ambao mtoto wa mteja ataukumbuka akitumwa dukani.

Kabla ya kumfikia fundi, mpwa wangu alinitengenezea picha kwa programu moja ya akili bandia kwenye simu, bure kabisa. Ilikuja na bibi mweupe kiasi, vidole havihesabiki, na nyuma yake mkorosho ambao korosho zimeota juu ya bibo, lile tunda lake. Mtoto wa chekechea wa Tandahimba anajua korosho inaning'inia chini ya bibo. Tulicheka, tukaifuta.

Bei ya fundi: shilingi 120,000 kwa mhusika mmoja mzima kuanzia kichwa hadi miguu, mwenye rangi, pamoja na mafaili ya kuchapa na ya kuweka kwenye simu. Unatoa nusu mwanzo. Masharti yake ameyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na moja lilinikera nilipolisoma: hatua ya penseli unabadilisha bure mpaka uchoke, ila ukishakubali mistari ikawekwa rangi, badiliko lolote kubwa linalipiwa. Nikasema huyu ananitega. Sasa nasema hilo ndilo jambo la maana kuliko yote katika huduma yake, na nitaeleza kwa nini, maana wateja wengi tunaenda kwa mchoraji tukiwa tumeshikilia rangi. Tunataka nyekundu ikolee, tunataka ing'ae. Mchoro usiokaa sawa ukiupaka rangi umepiga plasta nyumba yenye ufa.

Siku ya kwanza hakuchora chochote. Aliniuliza maswali. "Shikamoo mama, huyu bibi ni wa wapi? Ana miaka mingapi? Mikono yake inafanya nini? Nani ananunua pakiti, mzazi au mtoto?" Nikamwambia wewe chora bibi tu, mabibi wote si wanafanana. Akatabasamu, akasema kwa adabu, "Basi mama niletee bibi mmoja unayemjua." Nilirudi na picha ya bibi yangu mzaa mama, wa Newala, pamoja na kanga yangu ya kisutu na ungo wetu wa kupetea. Ungo ule aliusimamisha ukutani, na muda wote wa kazi haukutoka pale.

Skechi zake za mwanzo nilizidharau. Alinionyesha vijipicha vitatu vidogo, vyote vimezibwa weusi mtupu, havina macho wala nguo. Kimoja bibi amekaa mkekani anabangua, kingine amesimama amebeba ungo, cha tatu ni kichwa peke yake ndani ya bibo. Alinitaka nirudi nyuma mpaka kwenye pazia kisha nimwambie naona nini. Yule wa mkekani, aliyekuwa chaguo langu moyoni, kwa mbali aligeuka kichuguu. Yule mwenye ungo alisomeka mara moja: kichwa, viwiko vimetoka pembeni, duara kubwa la ungo mbele ya tumbo. Fundi anasema umbo likieleweka likiwa jeusi tupu, litaeleweka likiwa na rangi, na pakiti inatazamwa na mtu aliyesimama mbali na rafu. Tena pakiti yangu ni ndefu, sentimita 16 kwa 24, na aliyesimama anaijaza kuliko aliyekaa. Hapo heshima yangu ilianza.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa kichwa. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba hivi ukimpima kwa kichwa chake mwenyewe. Fundi akamchora bibi wa vichwa vitatu. Nikamwambia bibi yangu hakuwa kibeti. Yeye hakubishana, alichora wa pili wa vichwa saba, akawachapa wote kwa ukubwa wa pakiti na kuwakata kwa mkasi. Wa vichwa saba alikuwa mama mzuri kweli, lakini uso haukuonekana. Wa vitatu alikuwa katuni ya watoto wa chekechea. Tukasuluhishana kwenye vichwa vinne, na mabadiliko hayo yote yalifanywa kwa penseli ya kompyuta, rangi ya buluu iliyofifia, mistari juu ya mistari. Hakunidai senti. Ningeyataka hayo baada ya rangi kuwekwa, ingekuwa kuanza upya, na yeye angekuwa na haki ya kunitoza.

Halafu zikaja chale. Bibi yangu alikuwa na chale mashavuni na kwenye paji la uso, Mmakonde wa zamani kabisa, na fundi alifurahi kuliko mimi kwa sababu zingempa mhusika kitu ambacho hakuna pakiti nyingine inacho. Lakini rasimu ya kwanza alichora mistarimistari ya kubuni. Nikaikataa palepale. Chale za mtu hazibuniwi. Ama unazifuata zilivyo ama unaziacha. Akaivuta picha ya bibi kwenye skrini, akaikuza, akazifuata mstari kwa mstari. Alinionyesha pia picha za vinyago vya mapiko, vile vya kuvaa kichwa kizima wakati wa ngoma, ambavyo wachongaji hubandika nta juu ya mti ili chale zitokeze badala ya kuzama. Akachukua wazo lile: kwenye katuni yetu chale zimeinuka kidogo, kila moja ina mwanga upande mmoja na kivuli upande wa pili. Ndonya, kile kipande cha mti cha kwenye mdomo wa juu, tuliiacha. Bibi yangu hakuwa nayo, na mimi nilikuwa namchora yeye, sikuwa nachora makumbusho.

Mikono ilimtesa. Alichora bibi ameshika ungo kwa vidole vyote vimefichwa nyuma, ujanja wa wachoraji wengi, maana vidole ni vigumu. Nikamwambia hivyo ungo unamwagika. Mtu anayepeta gumba lake liko juu ya ukingo, na vidole vinne vinaubeba kwa chini. Akanisimamisha katikati ya chumba na ungo mkononi, akanipiga picha kwa simu kutoka juu, kutoka pembeni, huku wateja wa fotokopi wanachungulia pazia. Mkono wa kulia ulitoka vizuri sana. Wa kushoto kidole cha mwisho bado nakiona kifupi, na kila nikifungua boksi la pakiti ndicho ninachokiangalia kwanza. Yeye anasema hakuna mteja atakayekiona. Labda. Mimi nakiona.

Kitu kimoja alichokuwa akifanya kila mara ni kuigeuza picha nzima, kushoto ikawa kulia, kwa kubofya herufi moja tu. Ghafla bibi aliyekuwa sawasawa anaonekana jicho moja limepanda na taya limeteleza. Jicho linazoea kosa likilitazama muda mrefu, ukiligeuza linajitokeza. Nimejaribu na mimi kwa picha zangu za simu na sasa siwezi kuacha.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi, kwa kuwa najua kuna vijana watauliza. Anatumia laptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 8 na kibao cha kuchorea kisicho na skrini: mkono unachora mezani, macho yanatazama juu. Kalamu yake haina betri wala waya, na inasoma ngazi 8,192 za mgandamizo, hivyo akibonyeza kidogo mstari unakuwa mwembamba, akikandamiza unanenepa. Programu ni Krita, ambayo ni ya bure na huria, inatoka kwa jumuiya ya KDE. Hilo nililipenda. Wapo wanaochora kwa programu za kulipia walizozivunja kufuli, na siku faili lako likiharibika hawana pa kulalamikia. Krita ina kitu cha kutuliza mkono, kinachofanya mstari mrefu usitetemeke, na ndicho alichotumia kwenye mistari ya wino. Hatua ya wino yenyewe sikukaa kuitazama yote, inachosha: anafuata skechi ya buluu kwa mstari mweusi safi, wa nje mnene, wa ndani mwembamba, kisha anaizima skechi. Nilichokiona ni kwamba duara la ungo alilirudia mara nyingi mpaka likakubali.

Sasa rangi. Hapa nitakaa kidogo.

Kwanza kila kitu kinawekwa rangi moja bapa, bila kivuli: ngozi, kanga, ungo, korosho, kila kimoja kwenye leya yake. Leya ni matabaka ya mchoro yanayokaa moja juu ya jingine. Unagusa moja, mengine yanabaki salama. Kwa hiyo nilipotaka kuona ungo ukiwa wa rangi ya majani makavu zaidi, aliubadilisha kwa kubofya na uso haukuguswa. Krita ina njia ya kuchapusha kazi hii: unachora kistari cha rangi ndani ya kila eneo, programu yenyewe inatambua mipaka ya mistari ya wino na kujaza. Pale mstari ulipokuwa na uwazi rangi ilivuja mpaka shingoni, akarudi kuziba.

Ngozi ndiyo iliyonifanya niandike maoni haya. Nimeona mabango mengi ya dawa za meno, mitandao ya simu na sabuni, na mtu mweusi akichorwa kivuli chake kinawekwa kwa kuongeza weusi tu. Matokeo yake uso unakuwa na majivu, mtu anaonekana ametoka kulazwa. Fundi alianza na kahawia yenye wekundu ndani yake. Kivuli hakukitia weusi. Alichukua rangi inayokaribia zambarau, akaiweka kwenye leya ya juu yenye modi ya kuzidisha, ambayo rangi ya juu huzidishwa na ya chini, basi daima inatia giza lakini inaacha rangi ya chini ionekane. Shavu lililo kivulini likabaki shavu la mtu mzima mwenye damu. Jua aliliweka juu kushoto. Penye paji la uso, ncha ya pua na mfupa wa shavu aliweka mng'ao wenye ubuluu kidogo, akaniambia huo ni mwanga wa anga, kwenye ngozi nyeusi unaonekana wazi kuliko kwenye nyeupe, nenda nje ukamtazame yeyote aliyesimama juani. Nilitoka nikamtazama dereva wa bajaji. Kweli.

Halafu akafanya kitu ambacho mimi nisingekifikiria: chini ya kidevu aliweka mwanga wa njano hafifu, kwa sababu jua linapiga korosho nyeupe zilizo kwenye ungo na kurudi juu. Mwanga huo mdogo ndio uliomweka bibi na ungo mahali pamoja. Kabla yake ungo ulionekana umebandikwa.

Kanga ilikuwa kazi yake ngumu ya pili. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, na nilichokuwa nacho hakina maneno, kwa hiyo hatukuhangaika na jina. Alikipiga picha kikiwa kimetandazwa, akachora upya maua na pindo kwenye leya tofauti, akakivisha. Mara ya kwanza maua yalikaa bapa mwilini, yakapita juu ya mikunjo bila kukunjika. Nikamwambia mwanangu, hii ni karatasi ya ukutani, kanga ikikunjwa na ua linakunjwa, na pindo linakatika pale nguo inapoingia kwapani. Alikuwa anakaribia kuimaliza, na alishusha pumzi nikaisikia. Lakini alikata lile pambo vipande, akakivuta kila kipande kifuate mkunjo wake. Hakunitoza, ingawa rangi ilikuwa tayari. Alisema kosa lile ni lake. Hapo nikaona ana uungwana.

Na kuna hili. Kisutu kina weusi mwingi, bibi naye ni mweusi, na ushungi umepita karibu na shavu. Kwa rangi ilionekana sawa. Fundi akaweka leya ya kijivu juu ya kila kitu, picha yote ikawa nyeusi na nyeupe, na hapo shavu na ushungi vikayeyuka pamoja, huoni uso unaishia wapi. Akaizungusha kanga ili sehemu nyeupe ya pambo ndiyo iangukie shavuni. Hakuongeza mwanga usoni, wala hakumpunguza bibi weusi. Nilikuwa tayari kugombana naye kama angethubutu, maana wengi ndipo wanapokimbilia.

Rangi zilizobaki alizibana: njano na nyekundu za mabibo mawili yaliyo kando ya ungo, kijani cha jani moja tu, basi. Nilitaka na anga, na mkorosho, na nyumba ya makuti. Akaniuliza bei na uzito nitaviandika wapi. Nikanyamaza.

Tukija kwenye upungufu. Tarehe zake haziaminiki. Akisema Ijumaa, uliza Ijumaa ipi. Sehemu ya lawama ni ya umeme, kwa sababu ukikatika duka linawasha jenereta kwa ajili ya mashine za fotokopi na yeye anabaki na betri ya laptopu iliyozeeka. Kazi haikupotea hata mara moja, anahifadhi kila dakika na nakala anaweka kwenye flashi, lakini siku zilipotea. Pia mchoro mkubwa wenye leya nyingi unaielemea laptopu ile. Alichora kwa ukubwa wa mara mbili ya pakiti ili baadaye nitengeneze bango, na mwishoni kila akigusa brashi tulikuwa tunasubiri mstari utokee. Ujumbe anajibu usiku. Risiti hatoi, nilimwandikia mwenyewe akasaini.

Jambo la faili la asili muulizeni mapema. Bei ya kawaida inakupa PNG isiyo na mandharinyuma na faili la kuchapa; faili la Krita lenye leya zote ni shilingi 30,000 zaidi. Nililipa, kwa sababu kesho nikitaka bibi ashike pakiti badala ya ungo sitaki kumtegemea mtu mmoja. Tuliandikiana pia karatasi kwamba ninaweza kumtumia kibiashara na kwamba yeye anaruhusiwa kumwonyesha kwenye kazi zake. Michoro inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na biashara ndogo nyingi hapa kwetu zinaichukulia picha kuwa maji ya mvua, ya kila mwenye ndoo.

Uchapaji haukuwa wake, lakini ulimhusu. Stika nilichapisha Dar kwa mchapaji ambaye simtaji. Fundi alikuwa ametuonya wote wawili: skrini inaonyesha rangi kwa taa nyekundu, kijani na buluu, mashine inachapa kwa wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na zipo rangi za skrini ambazo wino haufiki. Alitayarisha faili la wino, nukta 300 kwa inchi, ambalo kwa pakiti yangu ni pikseli 1,890 kwa 2,835. Mchapaji akaona rahisi kuchukua ile PNG niliyomtumia kwa WhatsApp ili aone mfano tu. Sampuli ikaja na basi: mabibo yamechuja, na bibi amekuwa giza, chale hazionekani. Nilipompelekea fundi alifungua faili, akawasha kwenye Krita ile hali ya kuonyesha rangi zitakavyotoka kwenye wino, akainua mwanga wa uso kidogo kwa ajili ya kuchapa peke yake, kwa sababu wino husambaa kwenye karatasi na sehemu za giza hujaa kuliko unavyotarajia. Faili la simu hakuligusa. Akampigia mchapaji mwenyewe na kumwelekeza achukue lipi. Sampuli ya pili ndiyo niliyoikubali. Kwa kazi hiyo ya ziada nilimpa elfu kumi, hakuwa ameiomba.

Ngongo tulifika, bibi yupo, meza yetu ilitambulika kutoka njiani. Kama mauzo yalipanda kwa sababu yake au kwa sababu ya watu wa Nanenane, sitajifanya mtaalamu. Ninachojua, wateja walikuwa wakiuliza "zile za bibi", na mzee mmoja alisimama muda mrefu akazitazama chale, akaniuliza kwa Kimakonde sisi ni wa upande gani wa Newala. Hakununua.

Mwenye nia ya kumpelekea kazi aende na vitu, asiende na maneno: nguo yenyewe, picha ya mtu, pakiti tupu ya kupimia. Aende mapema pia, kabla msimu wa korosho haujafunguka Oktoba, maana hela ya korosho ikiingia kila mtu anataka nembo. Na akubali kubishana wakati bado ni penseli.

Mimi nimeshalipa nusu ya kazi ya pili. Ni mjukuu wa yule bibi, atakaa kwenye chupa ya juisi ya mabibo. Vichwa vitatu na nusu tumekubaliana bila ugomvi, umbo jeusi linasomeka kutoka kwenye pazia, na sasa tumekwama miguuni: fundi anataka ndala, mimi nataka mtoto awe peku.